Flashi Ndogo ya Zamani kwa Kamera ya Filamu: Jinsi ya Kuikagua na Kuitumia

Anayepiga picha za filamu siku hizi hulipa mara tatu: ananunua mkanda, analipia kusafisha, halafu analipia kuskani. Kwa gharama hiyo, giza ni hasara. Sebule yenye balbu moja, ukumbi wa harusi, baraza baada ya magharibi, kote huko filamu ya ISO 200 inahangaika hata kama lenzi yako ni f/1.8. Wengi hukimbilia lenzi ghali zaidi, au filamu ya ISO 3200 yenye chembechembe hadi usoni. Ushauri wangu ni kutafuta kwanza flashi ndogo ya miaka ya 1970 au 1980, ile ya kuchomeka juu ya kamera, inayoenea kiganjani na kutumia betri mbili au nne za AA. Kati ya vifaa vyote vya kamera kwenye mitumba na minada ya mtandaoni, hiki ndicho kinachodharauliwa zaidi. Kuna wauzaji wanaompa mteja bure akinunua kamera.

Kinachowakimbiza watu si bei, ni jedwali lililobandikwa mgongoni mwake: namba, rangi mbili tatu, mita na futi, ASA na DIN. Jedwali lote hilo linakuuliza swali moja tu, nalo ni mtu wako yuko umbali gani. Ukijua umbali, kilichobaki ni hesabu ya kugawanya.

Kabla hujatoa pesa

Nenda kwa muuzaji na betri zako mpya mfukoni. Kwanza fungua chumba cha betri uangalie springi na vibati. Unga mweupe, kijani au buluu ni alama ya betri iliyovuja. Kama ni kidogo, husafishika: betri za alkali huvuja alkali, kwa hiyo pamba yenye siki au maji ya limao huutoa unga huo, kisha unafuta kwa spiriti na kuacha pakauke kabisa. Springi iliyoliwa hadi kukatika ni habari nyingine, flashi hiyo mwachie mwenyewe.

Weka betri, washa, sikiliza. Flashi iliyo hai hutoa mlio mwembamba kama wa mbu sikioni, unaopanda na kupanda hadi unapotea, ndipo kitaa kidogo cha rangi ya chungwa kinawaka mgongoni. Bonyeza kitufe cha majaribio, kwa kawaida kiko pembeni mwa kitaa hicho au ndicho chenyewe. Ikiwaka kwa nguvu, nusu ya kazi imekwisha.

Usikate tamaa ikichelewa. Ndani yake mna kapasita inayohifadhi umeme wa volti 300 hivi, na kapasita iliyolala kabatini miaka mingi husahau kazi yake. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi kujaa. Iache ikiwa imewashwa kwa dakika chache, ifyatue, iache ijae tena, urudie mara kadhaa. Muda utapungua taratibu, na kwa betri mpya za alkali flashi nyingi za aina hii hutulia kwenye sekunde saba hadi kumi. Lakini ikitoa harufu ya kuungua, ikizomea au ikipata moto, toa betri haraka na uachane nayo.

Hapa kuna jambo lisilo na mzaha. Flashi usiifungue. Kapasita hubaki na umeme hata betri zikishatolewa, wakati mwingine kwa siku nyingi, na umeme huo unaweza kuua. Fundi wa redio anayejua kuutoa umeme wa kapasita kwa usalama ndiye wa kumpelekea, si wewe na bisibisi yako mezani.

Kama flashi ina hali ya kujiendesha yenyewe, kuna kijaribio kizuri kisichohitaji hata kamera. Mbele ya flashi utaona kijitundu kidogo chenye kioo. Hicho ni kihisio chake, yaani jicho linalopima mwanga unaorudi. Iweke flashi kwenye hali ya kujiendesha, ielekeze ukutani kwa karibu, ifyatue: inatakiwa kutoa mwanga mdogo na kujaa tena papo hapo. Sasa ziba kijitundu hicho kwa kidole uifyatue tena. Safari hii itamwaga nguvu yake yote na kuchukua muda mrefu kujaa. Ukiona tofauti hiyo, kihisio ni kizima. Zile za mwanzo kabisa, ambazo hazikuwa na saketi ya kuokoa umeme unaobaki, huchukua muda uleule mara zote mbili, kwa hiyo kwa hizo angalia ukali wa mwanga badala ya muda.

Volti inayoingia kwenye kamera

Flashi nyingi za zamani zilitengenezwa wakati ambapo ndani ya kamera kulikuwa na vipande viwili vya shaba vinavyogusana, basi. Kwa sababu hiyo watengenezaji hawakuona tabu kupitisha volti nyingi kwenye kigusio cha kati cha flashi, kile kinachogusa kamera. Vivitar 283 za awali, kwa mfano, ambazo ni kubwa kuliko hizi tunazozungumzia, zilipimwa zikawa na zaidi ya volti 200. Kamera ya mitambo kama Pentax K1000 au Olympus OM-1 haisumbuki sana na umeme huo. Kamera ya kielektroniki ya miaka ya 1980 na 1990, yenye kujilenga yenyewe na kioo cha namba, inaweza kuungua saketi, na kamera ya dijitali vilevile. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10330 cha mwaka 1992 kinazungumzia volti 24. Lakini si kila kamera iliyotangulia kiwango hicho inafikia hapo.

Kupima ni rahisi. Chukua mita ya fundi, iweke kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, subiri flashi ijae, kisha gusa waya mwekundu kwenye kigusio cha kati chini ya flashi na mweusi kwenye chuma cha pembeni kinachoteleza kwenye reli. Namba utakayoiona ndiyo itakayoingia kwenye kamera yako. Andika namba hiyo kwenye kipande cha plasta na uibandike mgongoni mwa flashi, maana ipo siku utamwazima mtu.

Kamera yako inaipokeaje

Juu ya kamera nyingi za filamu kuna kikalio chenye reli mbili. Kikiwa na kidoti cha chuma katikati, flashi ikikaa hapo huwasiliana na shata bila waya. Kisipokuwa na kidoti, kama kwenye Zenit-E ya Kisovieti, kikalio kinashikilia tu, nawe unahitaji waya mfupi kutoka kwenye flashi hadi kwenye kitundu cha duara kilichoko kwenye mwili wa kamera. Kwa hiyo mwenye kamera ya namna hiyo anunue flashi yenye waya, zipo nyingi.

Kuna vituko pia. Rollei 35 ina kikalio chake chini ya kamera, flashi inaning'inia kichwa chini. Wenye nayo huigeuza kamera ili mwanga utoke juu. Nikon F, F2 na F3 zina kikalio cha peke yake kinachokaa juu ya kirudishio cha filamu, na flashi ya kawaida haiingii bila kipachiko maalumu. Minolta ilibadilisha umbo la kikalio chake mwaka 1988, hivyo kamera zake zilizofuata hazipokei flashi za zamani. Na flashi zilizotengenezwa kwa chapa moja, zenye vidoti vitatu au vinne vya ziada, ni bora zibaki kwenye chapa yake. Kwa mtu mwenye kamera mbili tatu za makampuni tofauti, flashi yenye kidoti kimoja tu ndiyo inayomfaa. Haina akili nyingi, na hilo ndilo jambo lake jema.

Sasa kasi ya shata, mahali ambapo mikanda mingi huharibika. Mwanga wa flashi hudumu kwa muda wa kufumba na kufumbua, sekunde 1/1000 au pungufu. Shata ya kamera nyingi za lenzi za kubadilisha ni mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Kasi ikiwa kubwa mno, pazia la pili huanza kusogea kabla la kwanza halijamaliza, kwa hiyo hakuna wakati ambapo filamu yote iko wazi. Flashi ikiwaka wakati huo, inaangaza ufa tu, na picha inarudi ikiwa na utepe mweusi upande mmoja.

Kila kamera ina kasi yake ya mwisho. Kwa K1000, OM-1 na Canon AE-1 ni 1/60. Nikkormat FTn na Nikon FM, zenye mapazia ya chuma yanayoshuka wima, zinafika 1/125. Nikon FM2 ilianza na 1/200 mwaka 1982, ikafikia 1/250 mwaka 1984. Zenit-E ni 1/30. Kwenye duara la kasi, namba hiyo kwa kawaida ina rangi tofauti, herufi X au alama ya radi. Kasi ndogo kuliko hiyo inafaa, kubwa zaidi haifai. Mwenye AE-1 aelewe pia kwamba flashi ya Canon yenyewe, kama Speedlite 155A, hujipangia 1/60 ikishajaa, lakini flashi ya kidoti kimoja haifanyi hivyo; aipange kwa mkono.

Kamera zenye shata ndani ya lenzi hazina tatizo hilo. Canonet QL17 GIII, Yashica Mat 124G na wenzake hufunguka kama duara kutoka katikati, na flashi inafanya kazi kwenye kasi zote. Olympus Trip 35 nayo, ukitoa pete yake kwenye A na kuchagua namba ya f, huenda yenyewe kwenye 1/40.

Ukiona swichi yenye X na M, au X na FP, iweke X. Hizo nyingine ni za balbu za kuungua za zamani, ambazo zilihitaji muda mfupi kushika moto kabla shata haijafunguka. Flashi ya umeme ikiwekwa kwenye M huwaka mapema, shata ingali imefungwa, na mkanda mzima unatoka mtupu ilhali wewe uliona mwanga kila ulipobonyeza.

Ondoa shaka kabla ya kuweka filamu. Fungua mgongo wa kamera, fungua lenzi hadi tundu lake kubwa kabisa, elekeza kwenye ukuta mweupe, kisha chungulia kutokea nyuma na ufyatue ukiwa na flashi. Unatakiwa kuona mstatili mzima umewaka. Ukiona nusu, punguza kasi. Usipoona kitu, angalia swichi ya X, kisha safisha vidoti vya kikalio kwa ufutio wa penseli.

Namba moja na umbali

Kila flashi ina namba inayoeleza nguvu yake. Baadhi ya watengenezaji waliiweka kwenye jina lenyewe: Olympus T20 ina namba 20, T32 ina 32, Pentax AF200S ina 20, AF280T ina 28. Namba hiyo hutajwa kwa mita na kwa filamu ya ISO 100. Ukiigawanya kwa umbali wa mtu wako kwa mita, unapata namba ya f ya kuweka kwenye lenzi.

Chukua flashi ya 20. Mtu yuko mita 2.5 kutoka kwako: 20 gawanya kwa 2.5 ni 8, weka f/8. Akisogea hadi mita 5, weka f/4. Kwa filamu ya ISO 200 hesabu kwa 28 badala ya 20, na kwa ISO 400 hesabu kwa 40. Kwa hiyo ukiwa na Ilford HP5 Plus au filamu nyingine ya 400, mtu wa mita 5 anapata f/8, ambayo ni nafasi nzuri ya kulenga hata kwa asiyeona vizuri gizani. Ndiyo maana kwa flashi ndogo mimi hupendelea filamu ya 400 kuliko ya 100, hasa ndani ya kumbi.

Umbali wenyewe hauhitaji futi kamba. Lenga, kisha soma mita zilizoandikwa kwenye pete ya lenzi.

Mitego ni miwili. Flashi zilizouzwa Marekani huandikwa kwa futi, na muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba yake ni 56, kumbe 56 ya futi ni 17 ya mita. Kisha watengenezaji walipima kwa ukarimu, ndani ya chumba chenye kuta na dari nyeupe zinazorudisha mwanga. Ukitoka nje usiku, uwanjani au barazani, mwanga unaokwenda pembeni haurudi. Huko fungua tundu la lenzi hatua moja zaidi ya hesabu: badala ya f/8, weka f/5.6.

Jedwali la mgongoni likiwa na DIN peke yake, kumbuka kwamba 21 ni ISO 100, 24 ni 200 na 27 ni 400. ASA ni sawa na ISO.

Tumia mkanda mmoja wa bei nafuu kuijua namba ya kweli ya flashi yako, kwa sababu kapasita ya miaka arobaini haina nguvu ileile iliyotoka nayo kiwandani. Mweke mtu mita 3 kutoka kwako, mpe karatasi iliyoandikwa namba ya f kwa herufi kubwa, piga picha ya f/4, f/5.6, f/8 na f/11, kila mara ukisubiri flashi ijae kabisa. Kitaa kikiwaka haina maana imejaa; mara nyingi huwaka ikiwa imefika robo tatu hivi, kwa hiyo ongeza sekunde chache. Filamu ikisafishwa, angalia negativu, usiangalie skani, maana mashine hurekebisha yenyewe na kukudanganya. Negativu yenye uso uliojaa maelezo vizuri, zidisha namba yake ya f kwa 3. Jibu ndilo la kubandika pembeni ya ile plasta ya volti, pamoja na ISO ya filamu uliyotumia.

Hali ya kujiendesha na ngozi zetu

Katika hali ya kujiendesha, flashi inakupa namba moja au mbili za f, kila moja na rangi yake, na umbali wa mwisho. Flashi ya 20 kwa filamu ya ISO 100 inaweza kukuambia: nyekundu, f/4 hadi mita 5, buluu, f/8 hadi mita 2.5. Unaweka f/4 kwenye lenzi, unasogeza swichi kwenye nyekundu, na ndani ya umbali huo huna haja ya kugawanya tena. Kihisio kinakata mwanga pale unapotosha, na umeme uliobaki hutumika kwa picha inayofuata. Mtu akiwa karibu, flashi inajaa kabla hujavuta filamu. Kwa sherehe yenye purukushani hakuna njia bora.

Lakini kihisio hakijui kinachotazama. Kinadhani kila kitu duniani kina weupe wa wastani. Bibi harusi mwenye shela nyeupe akisimama mbele ya pazia jeupe, mwanga mwingi unarudi, flashi inakata mapema, na uso wake unatoka mweusi ti, hauna macho wala tabasamu. Bwana harusi mwenye suti nyeusi nje usiku anafanya kinyume: hakuna kinachorudi, flashi inamwaga kila ilichonacho, uso unang'aa kwa jasho na mafuta. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi aliyezungukwa na weupe, iwe kanzu, shela au ukuta wa chokaa, fungua lenzi hatua moja zaidi ya namba ya flashi. Akiwa amezungukwa na weusi wa usiku, ziba hatua moja.

Ukishindwa kuamua, fungua. Filamu ya negativu ya rangi, kama Kodak Gold au Portra, huvumilia mwanga wa ziada hatua mbili na hata zaidi, lakini mwanga ukipungua vivuli hupotea na havirudishwi na mashine yoyote. Filamu ya slaidi ndiyo isiyosamehe upande wowote. Kwa filamu hiyo tumia hesabu ya mkono.

Picha ya familia nzima ndiyo inayoitesa flashi kuliko zote. Mwanga hupungua kwa kasi kuliko macho yanavyodhani: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukisimama mita 2 kutoka kwa watoto waliokaa chini, na wajomba wakiwa mita 4, wajomba wanapata robo ya mwanga wa watoto. Watoto wataungua au wajomba watazama gizani. Rudi nyuma. Ukiwa mita 5 kutoka mstari wa mbele na mita 7 kutoka mstari wa nyuma, tofauti ni nusu tu, na hiyo filamu inaimeza. Kisha wapange kwa upinde badala ya safu ndefu iliyonyooka, ili wa pembeni wawe umbali sawa na wa katikati. Waambie wasogeane: "Mama, njoo hapa karibu na shangazi, babu abaki kitini." Dakika moja ya kuwapanga ina faida kuliko flashi yenye nguvu mara mbili.

Usitumie lenzi pana mno. Nyingi ya flashi hizi huangaza eneo linalolingana na lenzi ya milimita 35. Ukiweka ya 28, pembe za picha zinaingia giza.

Macho mekundu na mwanga mkali

Flashi ikikaa sentimita chache juu ya lenzi, mwanga huingia kwenye mboni na kurudi na wekundu wa nyuma ya jicho. Dawa ni kuitenganisha na lenzi. Kwa waya wa mita moja hivi, ishike flashi mkono wa kushoto, juu na pembeni, ukielekeza usoni. Kivuli kinashuka nyuma ya mtu badala ya kumzunguka kama mpaka mweusi, na pua inapata umbo. Umbali unaohesabu sasa ni kutoka kwenye flashi hadi kwa mtu, si kutoka kwenye kamera.

Kichwa kikiwa cha kuinuka, unaweza kupiga mwanga darini ili ushuke laini. Hilo linataka dari nyeupe na ya chini. Kwa nyumba nyingi za huku ni ndoto: makuti yanakunywa mwanga na kuurudisha wa kahawia, mabati yanautawanya ovyo. Ukiwa na dari nzuri, hesabu njia yote, kwenda juu na kushuka, halafu fungua hatua mbili kwa ule unaopotea. Flashi ya 20 inachoka haraka hapo; weka filamu ya 400.

Njia nyepesi zaidi ni leso nyeupe, tabaka moja, juu ya kioo cha flashi. Inakula hatua moja hivi. Kwenye hali ya kujiendesha hakikisha leso haijaziba kihisio. Kikiwa wazi, flashi itafidia yenyewe.

Mchana wa jua kali

Watu hushangaa ukiwasha flashi saa sita mchana, lakini huku karibu na ikweta jua husimama utosini na kuweka vivuli viwili vyeusi mahali pa macho, hasa kwa aliyevaa kofia. Flashi inaviondoa. Shida ni kasi ya shata. Kwa filamu ya ISO 100 kwenye jua wazi, kipimo ni 1/125 kwa f/16. Kamera ya pazia yenye mwisho wa 1/60 inataka f/22, na flashi ya 20 kwa f/22 haifiki hata mita moja kwa nguvu kamili. Kamera yenye shata ndani ya lenzi inakwenda 1/500 kwa f/8, na flashi ileile inafika mita 2.5. Ukitaka mwanga wa kusaidia tu, usiotangaza kwamba flashi imetumika, simama mita 3.5. Kwa kazi hii kamera ndogo ya miaka ya 1970 inaishinda kamera kubwa ya mtaalamu, na sioni kwa nini watu wanaziuza kwa bei ya kutupa.

Usiku fanya kinyume. Badala ya 1/60 weka 1/15, ushike kamera kwa utulivu. Flashi itamgandisha mtu, na taa za mtaani nyuma yake zitapata muda wa kuingia kwenye filamu, asionekane kama amesimama ndani ya shimo.

Betri na kuhifadhi

Betri za bei rahisi za zinki na kaboni ni za saa ya ukutani. Kwenye flashi zinachelewa, zinachoka, na ndizo zinazovuja mapema. Za kuchaji, zilizoandikwa NiMH, zina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini hutoa umeme kwa haraka na flashi nyingi hujaa mapema zaidi nazo. Soma kwanza maandishi yaliyo ndani ya kifuniko, maana zipo chache zinazozikataa. Usifyatue mfululizo kwa nguvu yote; ikishawaka mara kumi hivi ipumzishe, kioo chake kinapata moto.

Mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au mji wowote wa pwani ana adui mwingine, hewa ya chumvi na unyevu. Iweke flashi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kila mwezi iwashe, iache ijae, ifyatue mara mbili tatu ili kapasita isilale. Halafu, kabla ya kuirudisha kwenye kopo lake, toa betri. Flashi nyingi za zamani zinazotupwa hazikuharibiwa na matumizi; ziliharibiwa na betri zilizosahaulika ndani.